Ardhi Ambayo Shangazi Hakuitilia Sahihi

Shangazi yangu analipwa mshahara kwa kuipiga ardhi. Ana miaka hamsini na mbili, goti moja linalolia kama bawaba, na nyundo ya kilo nane ambayo wanaume wa kazini huiazima mara moja tu. Ofisi yao hupima udongo kabla watu hawajajenga. Anapanga vipokezi ishirini na vinne kwenye mstari, anaweka bamba la chuma, anatwanga. Mtikisiko unakimbia juu ya ardhi hadi kwenye vipokezi. Mawimbi mafupi hupita udongo wa juu tu. Marefu huleta habari za chini zaidi. Ukijua kila moja limekwenda kwa kasi gani, unachora tabaka za chini bila kushika jembe. Yakienda mbio, ardhi ni ngumu. Yakijikokota, ni laini.

Safari hiyo walipima kiwanja cha wodi ya wazazi, ghorofa tatu. Ripoti ilisema ardhi ni ngumu moja kwa moja kwenda chini. Ilibaki sahihi ya aliyepima, yaani shangazi.

Hakuitia.

"Tazama hapa," alimwambia bosi, kidole kwenye mchoro. "Mawimbi yanavyorefuka yanapunguza mwendo, halafu ghafla yanaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto."

"Kompyuta imechagua yenyewe."

"Imechagua vibaya. Pigo moja huzaa mawimbi ndugu: mkubwa, na mdogo mwenye mbio. Tulikuwa tunamfuata mkubwa, akafifia, kompyuta ikamdandia mdogo, na mbio zake ikazisoma kama ardhi ngumu."

"Mama, mteja anasubiri. Mashine ndiyo imesema."

"Mashine haitalazwa humo na mtoto wa siku moja."

Bosi akacheka peke yake, kisha akasema anayetaka kurudia arudie Jumamosi, vijana wakiwa mapumzikoni.

Alirudia. Alikwenda na mumewe, fundi cherehani ambaye kitu kizito zaidi alichowahi kuinua ni pasi. Mstari ulikuwa mrefu maradufu, maana mawimbi marefu yanataka nafasi, na badala ya mapigo matano kila kituo alipiga thelathini, ili yakijumlishwa yule mkubwa asikike. Jirani kulikuwa na mashine ya kusaga inayotikisa kila kitu. Ilipozimwa mchana, watu wakale, alikuwa na saa moja tu.

"Pumzika kidogo, mke wangu," mumewe alisema kwenye pigo la ishirini.

"Wasagaji wakishiba tumekwisha. Hesabu."

"Ishirini na moja. Na ukianguka nikubebe na nini?"

"Na pasi yako."

Jumatatu aliweka mchoro mpya mezani: chini ya gamba gumu, tabaka laini, mita nne hadi tisa. Akaomba shimo moja tu lichimbwe. Bosi alinuna siku mbili, akakubali. Mtambo ulitoboa gamba kwa taabu. Kwenye mita ya tano chuma kikazama chenyewe, na kilipotolewa kilikuwa kimevaa tope kama soksi.

Bosi hakuomba radhi. Aliandika ripoti upya, nguzo za msingi zikashushwa mpaka mita kumi na moja, akampelekea shangazi karatasi. Mkono wa shangazi ulikuwa ungali umevimba. Sahihi ikatoka imepinda.

"Hailingani na ya zamani," bosi alisema. "Rudia."

"Nimesharudia Jumamosi," shangazi akajibu, akafunika kalamu.