Siku Nilipomwacha Wairimu Thika

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa na miaka kumi na sita na gauni jipya lililonibana kwapani. Niliikumbuka juzi niliposikia kwamba vijana wa kanisa hapa Kiganjo wamekuchagua uwaongoze. Nilifurahi, na pia nikaogopa kidogo kwa ajili yako. Kaa nikueleze kwa nini.

Wakati huo tuliishi Ruiru, upande wa Gitothua. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na sisi Wakikuyu hatukuweza kutoka kijijini bila barua ya ruhusa. Baba yangu alikuwa kizuizini. Wenzangu wengi baba zao walikuwa huko huko, na wengine hawakuwa na baba wala mama. Mwalimu Rahabu, mama mmoja mpole aliyefundisha ushonaji, alitukusanya sisi vijana tusiokuwa na karo ya shule, akaanzisha klabu. Alitufundisha kusoma, kushona, na kusimama mbele za watu tukasema bila kutazama vidole vya miguu. Hilo la mwisho nililipenda mno. Wenzangu waliponiona hodari wa kusema, wakanichagua niwe kiongozi.

Mwalimu alikuwa na rafiki katika mtaa wa Kamenu, mjini Thika, aliyelea kundi kama letu la vijana Wakamba, watoto wa wakulima na vibarua wa mashariki ya Thika. Wakapatana tutembeleane, tule pamoja, tufundishane nyimbo. Kuipata barua ya ruhusa kulichukua miezi. Iliandikwa majina kumi na mawili, na chifu alimwonya Mwalimu kwamba hata mmoja wetu asiporudi na gari la moshi la jioni, klabu ingefungwa.

Basi tukaenda. Nilikuwa nimekariri hotuba ya Kiingereza, ukurasa mzima. Niliisema yote nimesimama wima, nao wenyeji wakanisikiliza kwa adabu kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya bati. Hakuna aliyeelewa. Nadhani hata mimi sikuelewa nusu yake.

Kati yetu alikuwako Wairimu, yatima wa miaka kumi na minne, ambaye ungeweza kukaa naye siku nzima usisikie sauti yake. Nilipokuwa nikihutubu, yeye alikuwa amekwenda nyuma ya nyumba kwa Mama Ndunge, mwenyeji aliyetupikia, akamkuta anasuka kiondo, kile kikapu cha nyuzi. Wairimu alifundishwa kusuka na marehemu mama yake, kwa namna nyingine kidogo. Hotuba ilipokwisha vijana wote wakaenda kuwazunguka wale wawili. Mmoja akitaja kitu kwa Kikamba, mwingine anakitaja kwa Kikuyu, wanagundua ni karibu neno moja, wanacheka. Nilisimama peke yangu na karatasi yangu mkononi. Sitakuficha, nilimwonea wivu.

Jioni tulipoondoka kwenda stesheni niligeuka nikamwona Wairimu bado ameinama juu ya kile kiondo. Sikumwita. Nilijiambia atatufuata.

Kwenye gari la moshi nilihesabu watu, nikapata kumi na mmoja. Nikahesabu tena. Askari alikuwa pale mlangoni ameshika barua yetu, na alikuwa ametoka kunisifu jinsi nilivyowapanga wenzangu. Mwalimu akaniuliza, “Nyambura, wote wamo?”

Nikasema, “Wote wamo, Mwalimu.”

Hakuhesabu tena. Aliniamini. Filimbi ikapigwa, tukaondoka.

Tulipita mashamba ya kahawa na wenzangu wakiimba wimbo walioupata Kamenu. Mimi nilimwona Wairimu katika mawazo yangu akisimamishwa barabarani, akiulizwa barua, naye hana, na hajui kujieleza. Kabla hatujafika nusu ya njia nilimwendea Mwalimu nikamwambia yote.

Akaniuliza, “Ulimwona alipobaki?”

“Nilimwona.”

“Umefanya vibaya sana,” akasema. “Lakini umeniambia kukiwa bado na la kufanya. Tukifika Ruiru, wewe ndiye utakayemweleza stesheni masta.”

Stesheni masta alikuwa mzee wa Kihindi mwenye miwani minene. Nilimweleza, na sikusema kwamba msichana alipotea, nilisema nilimwacha. Akapiga simu Thika. Alisikiliza muda mrefu, akiitikia tu, nasi tukimtazama midomo. Kisha akaziba simu kwa kiganja akasema, “Yuko huko stesheni. Amekaa na mama mmoja.”

Nilikaa sakafuni, nikalia kwa furaha. Mwalimu naye aligeukia ukuta akafuta macho kwa leso.

Ilikuwa hivi: Mama Ndunge alimkimbiza hadi stesheni wakakuta gari linaondoka. Akamwambia askari wa stesheni kwamba huyu ni mgeni wake, atalala kwake, na anayemtaka amfuate nyumbani Kamenu.

Jioni ile ile Mwalimu alikwenda kwa chifu akamwambia mambo yote mwenyewe kabla hajaulizwa. Alikaripiwa vikali, kisha akaandikiwa barua nyingine ya watu wawili, yeye na mimi, twende kumchukua Wairimu. Klabu haikufungwa.

Jumapili tulimkuta Wairimu mkekani, ameoga, amevaa leso ya Mama Ndunge. Nilisema mbele ya wote, “Nilikuona ukibaki, nikanyamaza.”

Akanitazama. “Nami nilikuona ukinitazama.” Halafu akajisogeza kunipa nafasi. “Kaa. Kuna chai.”

Njiani tukirudi nilimwambia Mwalimu nataka kuacha uongozi. Akakataa. Aliniambia nikiacha leo nitakuwa nimejifunza kukimbia tu. Wenzangu walinichagua kwa sababu najua kusema, akasema. Sasa nijifunze kuwatazama. Tangu hapo ziara zetu hazikuwa na hotuba. Wasichana wa Kamenu walikuja kulala kwetu Gitothua, nasi tukalala kwao, na Wairimu akawa mtoto wa nyumba mbili hadi alipoolewa.

Sasa nikuachie neno langu, mwanangu. Watakupigia makofi, na makofi ni matamu. Hata hivyo wahesabu watu wako, na ukiona kuna mmoja unayependa kumsahau, jiulize ni kwa nini. Huenda ndiye anayefanya kazi uliyodhani ni yako. Ukienda kwa watu wengine, usiwapelekee maneno matupu. Kaa nao, shika wanachoshika. Na siku utakaposema uongo, maana wewe ni binadamu, usingoje kufika nyumbani ndipo useme kweli. Sema kukiwa bado na simu ya kupigwa.

Mungu akuweke. Akupe mwalimu kama wangu, na moyo wa kumsikia. Wale vijana waliokukabidhi safari yao, uwarudishe wote kwa mama zao, na wasio na mama uwapatie mahali pa kukaa. Nenda na amani.