Wimbo Wenye Mvua Ndani

Sina hakika kama jambo hili linafaa kuandikwa. Niliishia darasa la nane, na huenda mwingine angelieleza vizuri zaidi. Lakini aliyeingia kanisani ni mimi.

Kibandani kwangu River Road nawapakilia watu filamu kwenye flashi. Zinazotoka sana ni zile za mapenzi ya kuchekesha, na mimi huzitazama zote, ili mteja akiuliza nisimdanganye. Moja ilinishika kwa nyimbo zake: gitaa chafuchafu, ngoma moja, na kijana anayeimba kama ameamka sasa hivi. Si wanamuziki wa kujulikana. Majina yao yalipita upesi mno mwishoni, kwa herufi ndogo, sikuyapata. Kwa hiyo nilipoamua kuingia na wimbo wao siku ya harusi yangu, niliukata kutoka kwenye filamu yenyewe.

Siku ya mazoezi, kanisani Muthangari, kamati nzima ya harusi ilikuwepo. Gitaa likaanza. Halafu mvua ikanyesha kwenye spika, mlango wa gari ukafungwa, na mwanamume akapaza sauti kwa Kiingereza, akimwambia mtu amngoje.

Mzee wa kanisa akageuka. "Nani huyo anaachwa?"

Wasichana wa kunisindikiza wakaangua kicheko. Shangazi yangu, mwenyekiti wa kamati, hakucheka. "Mama, hii ni harusi ama ni sinema? Wekeni ile ya kila siku tucheze tuingie."

Lazima niseme kweli: shangazi hakuwa na ubaya. Ndiye aliyenipigania nikapata kanisa. Na wasichana walikuwa wamejaribu; hatua mbili mbele, moja nyuma, wimbo ulikataa kabisa, mmoja akamkanyaga mwenzake. Hata mimi nusu ya maneno yake siyaelewi. Nikakaa kwenye benchi nikijiuliza kama ni kiburi tu.

Lakini ule wimbo wa kila siku nimewachezea wengine mara saba, nikiwa nyuma ya bibi harusi. Nikasimama.

"Wasichana waingie na hiyo yenu. Mimi naingia peke yangu, na hii."

"Na hiyo mvua?" shangazi akauliza.

"Na mvua yake."

"Na huyo mwanaume wa kupiga kelele?"

"Na yeye, anti. Huyo nimemwalika."

Mzee akakohoa. "Mimi sijasoma mahali mvua imekatazwa."

"Utaaibika," shangazi akaniambia.

"Basi niaibike na wimbo wangu."

Siku yenyewe, nakiri, hatua zangu hazikupatana na ngoma. Mlango wa gari ulipofungwa, watu wa nyuma waligeuka kutazama nje. Yule mwanamume alipoita, kicheko kilipita benchi hadi benchi, uso ukanichoma. Sikuongeza mwendo. Shangazi alikuwa mstari wa mbele, mikono ameikunja kifuani. Lakini nimtendee haki: alisimama kama wengine. Nilimpita polepole, kwa makusudi, gitaa bado linapigwa.