Siku Tuliyomfagilia Afisa Kinu cha Mafuta

Sisi kinu kile tulikikuta. Mwenyewe, tajiri mmoja aliyekuwa akikamua ufuta na karanga tangu enzi za Mwingereza, alifunga milango akaondoka baada ya Uhuru, akaacha kuta nene za matofali, paa la bati na dohani ndefu iliyoonekana kutoka mbali kwenye barabara ya Masasi kupanda Newala. Mitambo ilikwishauzwa. Ikabaki nafasi, na nafasi haikai bure. Akaingia seremala, akaingia fundi baiskeli, wakaingia kina mama wawili waliokuwa wakikaushia vyungu vyao mle wakati wa masika. Mimi niliingia na cherehani yangu baada ya kuachika, kwa kuwa kaka yangu kule Chiwata aliniambia wazi kwamba nyumbani kwake hataki kelele.

Wa mwisho kuingia alikuwa mhunzi. Alivuka Ruvuma na mkewe wakati wa vita vya Msumbiji, kabeba nyundo mbili na koleo, basi. Hakuwa na shamba wala mkorosho hata mmoja. Alichokipata huku ni lile tanuri la kinu, lililojengwa pamoja na dohani, ambalo sisi wengine tulikuwa tunatupia takataka. Alilizoa taka, akawasha makaa, dohani ikavuta, na moto ukapata ukali ambao kwenye tanuri la udongo huupati hata uvukute kutwa. Watu walimletea majembe na mapanga kutoka Chilangala, wengine Makote. Alikuwa mtu wa maneno machache na mimi ni wa maneno mengi, kwa hiyo tulielewana.

Kisha, miaka ile ya Ujamaa, ikaja habari kwamba kinu kitabomolewa pajengwe duka la ushirika na ukumbi wa mikutano. Sikuwa na ugomvi na Ujamaa. Nilikuwa nikiimba mikutanoni kama wenzangu, na sauti nilikuwa nayo. Lakini duka lingeweza kujengwa popote, ardhi ilikuwa tele. Seremala angeweza kupiga randa kibarazani kwake, na mimi cherehani naibeba kichwani. Tanuri halibebeki. Kinu kikienda, mhunzi naye kazi imekwisha, na kazi ndiyo iliyokuwa inampa chakula katika nchi ya watu. Sote tulilijua hilo.

Katika kundi letu mimi ndiye niliyekuwa na darasa nyingi, basi barua niliiandika mimi. Niliiandikia serikali kwamba tunapinga, kwa heshima zote, na kwamba kabla hawajagusa tofali wamtume mtu aje aone kwa macho yake kazi zinazofanyika mle. Sikutegemea jibu. Baada ya wiki chache likaja: afisa atafika Jumatano, saa nne asubuhi.

Kwetu mgeni hapokelewi kwenye uchafu. Hilo halina mjadala, na mimi nilikuwa wa kwanza kulisimamia. Tulifanya kazi siku tatu. Seremala alihamisha mbao, milango na maranda. Baiskeli zikapelekwa nyuma ya nyumba yangu, vyungu pia, na cherehani nikaifunika shuka nikaiacha chumbani. Tuliosha sakafu mpaka tukaiona rangi yake, ambayo sijui kama kuna aliyewahi kuiona tangu tajiri aondoke. Tukaazima viti shuleni, na meza ya kulia chakula.

Mhunzi peke yake ndiye aliyekuwa hajasogeza kitu.

"Mama, moto nauzima wa nini?" akaniuliza. "Si anakuja kuona kazi?"

"Anakuja mgeni wa serikali," nikamwambia. "Unataka umkalishe kwenye majivu, aondoke na masizi kwenye shati, akatuseme huko alikotoka?"

Mkewe alitaka kusema neno, nikamkatiza. Basi mzee wa watu akamwaga maji, akabeba fuawe na mivukuto yake akavificha kwenye mikorosho. Mimi nikapaka chokaa ukuta wote wenye masizi, na kwenye mdomo wa tanuri nikatundika kitenge changu kipya, kile cha kwendea harusini. Palipendeza, siwezi kusema uongo.

Afisa alikuwa kijana kutoka mikoa ya kaskazini, mpole, mwenye daftari. Aliamkia wakubwa wote, shikamoo mmoja mmoja, naye akaitikiwa marahaba. Akazunguka mle kinuni, tukimfuata nyuma.

"Pasafi sana," akasema.

Tulifurahi. Wallahi tulifurahi.

"Na hizo kazi mnazifanyia wapi?"

"Humu humu," akajibu seremala, aliyekuwa mkubwa wetu.

"Vifaa viko wapi?"

"Ah, vile ni vikorokoro tu, ndugu, visikusumbue. Karibu chakula."

Ndivyo tulivyofundishwa kuongea na mgeni. Kazi yako unaiita vikorokoro, kuku wako unamwita kifaranga. Kijana akasema angependa kuviona, nami nikamjibu ale kwanza, chakula kitapoa. Akala kuku, akala wali, akala na korosho. Dereva akaja kumkumbusha kwamba wanasubiriwa Newala. Akaandika kidogo, akatushukuru kwa ukarimu, akaondoka. Mhunzi alisimama karibu na kitenge changu muda wote ule, mikono imeoshwa mpaka kwenye kucha, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Barua ya pili niliwasomea mimi, mbele ya kinu, kazi zikiwa zimekwisharudi ndani. Ilisema mkaguzi amefika na amekuta jengo kubwa, safi na tupu. Ilisema hakuna shughuli wala vifaa vilivyoonekana, wananchi wanaliangalia vizuri, na kwa hiyo mpango uendelee. Seremala alisema huyo kijana ni mwongo. Nilimwambia anyamaze, kwa sababu kila neno kwenye ile karatasi lilikuwa la kweli, na aliyelifanya liwe la kweli nilikuwa mimi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku niliyopewa talaka.

Tukaandika tena, mara mbili. Hatukujibiwa. Baada ya mavuno wakaja na kamba, dohani ikaenda chini asubuhi moja. Mhunzi akapangiwa kijiji kipya cha Ujamaa, akalime mihogo na wenzake.

Siku ya kuondoka alipita kwangu. Mkewe alibaki barabarani na mzigo, hakuniaga, na sikumlaumu. Mhunzi aliomba nimsomee ile barua ya mkaguzi kwa mara nyingine, polepole. Nikamsomea yote, mpaka sahihi na muhuri. Akasubiri, kana kwamba kuna ukurasa mwingine.

"Na mimi," akauliza, "wamenitajaje?"

"Hujatajwa, mzee."

"Hata tanuri?"

"Hata tanuri."

Akaitikia, "Haya, mama," akanishukuru kwa kumsomea, akaenda. Angenitukana ningepumzika.