Kuku wangu na kofia ya vita

Leo kuku wangu kamtimua msomi mzima!

Anayeandika ni mjukuu wangu Neema. Nimemkataza kunirekebisha.

Kaja kijana kutoka Sekei mpaka huku kwangu Kikwe. Kazi yake kukusanya vitu vya vita: medali, vyeo vya begani, mikanda.

"Shikamoo Bibi. Nasikia marehemu Babu alirudi na kofia ya chuma kutoka vita vya Kagera."

Marahaba. Iko bandani.

Akavaa glavu nyeupe. Kwenye banda la kuku, jamani!

"Bibi, jasho la mkono linaharibu historia."

Nikamwambia, "Jasho ni kitu kidogo, mwanangu. Chungulia."

Ndani ya kofia kuna kuku wangu mwekundu, anaatamia mayai saba.

Kijana akamgusa kwa kidole. Kimoja tu!

Glavu moja iko juu ya mgomba mpaka sasa. Kijana mwenyewe nimemtoa katikati ya mibuni.

Akaanza kunibembeleza. "Bibi, tumhamishie kwenye kikapu."

Kuku akihamishwa si anasusa mayai? Shuleni hawafundishi hilo?

Nikamwambia, "Mume wangu alirudi na kichwa chake kwa sababu ya kofia hiyo. Sasa inalinda vichwa saba. Subiri zamu yako."

Kaondoka kanuna.

Sasa hivi kapiga simu. Nikajua anaulizia kofia tu.

"Bibi, samahani. Yule kuku amerudi kwenye mayai?"

Amerudi, baba.

Huyu kofia nitampa, mayai yakishaanguliwa. Na kifaranga juu.

Mpeni pole hapo chini kwenye maoni, kidole chake kimevimba.