Mafuta Taa Mpaka kwa Uzi

Bitutu alikuwa na jina pale Kaplong, na jina lenyewe lilitokana na vipimo vyake. Ukimtuma mtoto kwake na chupa, chupa ilirudi na haki yake. Kibanda chake cha mafuta taa kilikuwa nyuma ya soko: pipa moja, pampu ya kuzungusha kwa mkono, faneli ya bati na kitambaa cha kufutia. Alikuja huku kutoka Kisii akiwa bi harusi, mumewe akichuma chai kwenye shamba la kampuni. Mume alipokufa, pipa ndilo lililomlea yeye na mwanawe Kepher. Watu wa hapa hawamsahau mgeni aliyewapunja, na hawamsahau aliyewapimia sawasawa. Jina hilo basi lilikuwa ndiyo mali yake, na aliogopa kulipoteza kuliko alivyoogopa njaa.

Kila Jumatatu asubuhi alikuja Tabutany, mjane mzee wa Kikipsigis aliyekuwa akimlea mjukuu wake, Fancy. Chupa yake ilikuwa ya soda, kizibo chake gunzi la mahindi, na karibu na shingo ilifungwa uzi mwekundu wa sufu. Uzi ule ulionyesha mafuta yanapofika kwa pesa alizokuwa nazo. Hakusoma, ila uzi wake haukukosea hata siku moja.

“Jaza mpaka kwa uzi, Mama Kepher,” alizoea kusema.

“Sawa, Kogo,” alimjibu Bitutu, kwa maana ndivyo Wakipsigis wanavyomwita nyanya, naye alikuwa ameishi nao vya kutosha. Mafuta yalikuwa ya taa ya Fancy, aliyekuwa darasa la tano na mwenye kichwa chepesi.

Mteja mwingine wa Jumatatu, na wa Jumatano, na wa Ijumaa, alikuwa Kiplangat, kijana mwenye kanta, lori dogo la kubeba maziwa kutoka Siongiroi. Huyu hakuwa na habari ya chupa. Alikuja na jerikeni za lita ishirini, mbili, mara nyingine tatu.

“Ni ya vifaranga, mathe,” alikuwa akisema. “Hii baridi itanimalizia kuku.”

Kwa mafuta yale angewapasha moto kuku wa Bomet nzima, na wa Kericho wakapata ya kubakia. Bitutu alikwisha kumwona akiyamimina kwenye tangi la kanta, kando ya ua wa soko, mchana kweupe. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini Kiplangat hakuwahi kungoja chenji, na mkono mtupu haulambwi. Bitutu aligeuza uso akafuta faneli.

Mambo yenyewe hayakuwa fumbo. Dizeli ilitozwa ushuru mwingi kwa sababu magari hula barabara, na pesa za kutengeneza barabara hukatwa humo humo ndani ya lita. Mafuta taa yalitozwa kidogo kwa kuwa ni ya maskini. Dereva aliyechanganya hayo mawili alipita juu ya barabara iliyolipiwa na wenzake, kwa mafuta yaliyopunguzwa bei kwa ajili ya Tabutany. Madereva waliita hivyo ujanja. Ulikuwa wizi tu, hata kama hakuna mlango uliovunjwa.

Serikali nayo ikachoka. Mwaka wa 2018 ikayawekea mafuta taa ushuru wa shilingi kumi na nane kila lita, ili kuchanganya kusiwe na faida tena. Na kweli faida ikaisha. Kiplangat hakuonekana kibandani. Vifaranga vyake, yaelekea, vilizoea baridi. Lakini ushuru haukuuliza nani ana kanta na nani ana taa. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na Tabutany akawekwa kapu moja na waongo.

Jumatatu iliyofuata alikuja na pesa zake zile zile. Bitutu akamweleza bei mpya. Mzee akaitazama chupa kwa muda, akafungua uzi, akaufunga tena vidole viwili chini.

“Serikali imekasirikia nani?” akauliza.

“Sijui, Kogo.”

Bitutu alijua. Akazungusha pampu, na mafuta yakapita uzi mpya, yakaenda mpaka pale uzi ulipokuwa zamani.

“Umepitisha,” alisema mzee.

“Ni pampu, Kogo. Imezeeka, inateleza.”

Pampu ile ikateleza kwa miaka saba. Bei ilitangazwa kila mwezi, na mara nyingi uzi ulishuka. Majirani waliingiza stima, wengine wakanunua sola, mpaka waliobaki na taa ya mafuta wakawa ni wale tu wasio na namna, na ule ushuru ukawa mzigo wao peke yao. Kanta ya Kiplangat iliharibika pampu ya dizeli, kwa kuwa mafuta taa hayalainishi vyuma, akaiuza kama chuma chakavu. Siku hizi anaendesha bodaboda ya stima. Siku moja alisimama kibandani kumsalimu.

“Hii haijui lita, mathe,” alisema akiipigapiga kiti. “Wacha wahangaike kuitafutia ushuru ya barabara.”

Alicheka. Bitutu hakuona cha kuchekesha.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mwaka 2025. Wakati wa ushuhuda Tabutany alisimama kanisani, akishika benchi ya mbele. Fancy alikuwa kidato cha nne, na katika mtihani wa majaribio alikuwa ameongoza shule.

“Huyu mtoto amesoma na mafuta ya Mama Kepher,” mzee alisema. “Miaka yote, huyu mama hajaniibia hata tone. Ameniongezea. Mungu amwone.”

Kanisa zima lilipiga makofi. Bitutu aliinamisha kichwa, na waliokuwa karibu wakadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu, na ilimwunguza.

Jumatatu chupa ilipowekwa mezani, hakuigusa.

“Kogo, pampu haitelezi,” alisema. “Ile ushuru ililetwa na watu wa kuchanganya mafuta kwa gari. Mimi ndiye nilikuwa nawauzia. Nilikuwa nakuongezea kwa sababu ya hiyo.”

Tabutany aliuondoa mkono wake kwenye chupa. Lori la chai lilipita barabarani, likatokomea.

“Ulijua ni ya gari?”

“Nilijua.”

“Na siku ile nilikuuliza serikali imekasirikia nani?”

“Nilijua pia, Kogo.”

“Jaza.”

Bitutu alijaza, na mkono kwa mazoea ukapitisha uzi. Mzee aliichukua chupa, akaishikilia juu ya faneli, akayarudisha mafuta kidogo kidogo. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaona bado, akamwaga tena, mpaka yakalala sawa na uzi mwekundu.

“Hiyo ingine si yangu,” alisema. “Ulisaidia kuniibia, halafu ukanirudishia kama zawadi. Na mimi nikakushukuru mbele ya Mungu.”

Akaweka gunzi, akaenda zake. Bitutu alikaa juu ya jerikeni tupu akalia, na wateja wawili walioingia aliwaambia ni moshi.

Wiki nzima alingoja jina lake lianguke sokoni. Halikuanguka. Jumatatu Tabutany alikuja, akapanga foleni kama wengine, akaweka chupa mezani.

“Jaza mpaka kwa uzi,” alisema. Hakusema Mama Kepher.

Bitutu alipiga magoti hadi macho yake yakawa sawa na uzi, akazungusha pampu polepole, tone kwa tone. Watu wa foleni walimtazama. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba huyo mama ndivyo alivyo, hajui kupunja. Tabutany alilisikia neno hilo, akaficha chupa ndani ya shuka lake, akatoka bila kumwambia mtu alichokijua.