Mlango wa Marehemu Mume Wangu

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini, na tangu hapo sikosei tarehe. Jumamosi, tarehe saba Juni, kwenye mnada wa magari makuukuu mjini Muyinga, niliona gari jeupe lenye kovu mlangoni, kama lile ambalo marehemu mume wangu aliliacha kwa kugonga lango letu la Musinzira. Nikaamini kwamba gari letu jeupe, tuliloliuza baada ya mazishi, limenirudia.

Shemeji yangu alinisihi tulikague kwanza.

“Mke hasahau gari la mumewe,” nilimjibu kwa kiburi.

Nililipa kwa fedha zote za kuuza shamba la Giteranyi, urithi pekee wa wanangu. Kitu cha mnada hakirudishwi.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi Gitega, nilikokuwa nimewaalika majirani washangilie. Fundi, Mkongo wa Kivu, akakwangua rangi kila upande.

“Mama, mlango tu ndiyo iko nyeupe mpaka ndani. Kwengine kote chini iko nyekundu. Walifunga mlango ya muzee ku gari ingine.”

Shemeji akanigeukia.

“Kwa hiyo, mke wa kaka, shamba lote la Giteranyi limenunua mlango?”