Kahawa Niliyoitia Mfukoni

Mama yangu aliwahi kufundisha shule ya msingi Bukoba kabla sijazaliwa, na mpaka leo ukimtajia mji huo hanyamazi. Nilipomwambia nakwenda Kagera hakuniuliza ninafuata nini huko. Alisema tu, "Niletee kahawa ya kutafuna. Usisahau."

Nilikuwa nafuata vikapu. Mimi ni mbunifu wa mikoba, nina chumba cha kazi Sinza na cherehani mbili ambazo hazijawahi kuwa nzima siku moja. Bi Zaituni, fundi cherehani wa Bukoba tuliyejuana kwenye maonyesho, alinitumia picha ya kikapu kidogo chenye kifuniko, kilichosukwa na kinamama wa kikundi kimoja karibu na Rubya, wilayani Muleba. Wote wanaishi na virusi vya UKIMWI. Tulipanga wao wasuke, Bi Zaituni atie bitana, mimi nibuni mkanda na kuuza Dar es Salaam, na mapato yaingie kwenye mfuko wao wa nauli za kliniki na chakula cha wenzao wanaoanza dawa. Wazo zuri, ila wenyewe walikuwa hawajakubali. Walisema kwanza wanione uso.

Basi lilinifikisha Mwanza nikiwa na miguu iliyovimba, nikapanda meli. Kulipopambazuka tulikuwa bandari ya Kemondo. Makuli walikuwa wanashusha saruji na magodoro, na gatini mikungu ya ndizi ilisubiri zamu yake ya kupakiwa. Mama mmoja niliyekaa naye usiku kucha alivuta pumzi ndefu puani, akasema, "Nimefika." Alikuwa bado hajashuka, lakini nilimwelewa.

Bukoba mjini, Bi Zaituni alinipokea amevaa baibui na viatu vya raba. Babu yake alitoka pwani, yeye kazaliwa hapa hapa, na akigombana na muuza samaki anagombana kwa Kihaya. Alinilisha sato mpaka nikaomba radhi. Jioni akanifundisha kwamba nitakapoambiwa "Nyegera waitu" ndiyo nimekaribishwa, na kwamba nijibu "Wakola." Nililala nikiyarudia maneno hayo kama mtoto wa chekechea.

Kesho yake tulisafiri hadi Muleba, na kutoka hapo tukachukua pikipiki mbili kuelekea Rubya. Migomba ilitufuata njia nzima, na mibuni chini yake, na nyumba zimejificha humo ndani hata unashangaa moshi unatoka wapi. Kinamama walikuwa barazani kwa kiongozi wao, Mama Koku, wameketi juu ya mikeka, mafungu ya nyasi na nyuzi za mgomba magotini. Mama Koku ni mrefu, ana sauti nzito, na anacheka kwa mabega kabla hajacheka kwa mdomo. "Nyegera waitu," akasema. "Wakola," nikajibu, na baraza zima likanipigia makofi.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kikapu kile kile cha kwenye picha. Akapiga goti kidogo, akafungua kifuniko, akaninyooshea. Ndani mlikuwa na kahawa iliyochemshwa na majani ya harufu ikakaushwa, ile wanayomkaribishia mgeni kabla ya neno lolote. Nikamkumbuka mama. Nikachota punje kadhaa, nikashukuru, nikazitia mfukoni.

Mama Koku aliutazama mkono wangu. Akafunika kikapu, akakirudisha ndani.

Mimi sikuona kitu. Nikaeleza habari za mikoba, nikaonyesha michoro, nikaongea sana. Wao wakawa wanajibu kwa adabu, na wakiongea wenyewe kwa wenyewe walirudi kwenye Kihaya. Mchana wakaketi kuzunguka jani kubwa la mgomba lenye ndizi na maharage, wakala kwa mikono. Mimi niliwekewa meza peke yangu: soda isiyofunguliwa na kifungulio chake kando, mayai mawili ya kuchemsha kwenye maganda yake, na ndizi mbivu ambayo haijamenywa. Nikajiona waziri aliyekuja kuzindua kisima. Nilipouliza mwishoni kama wamekubali, Mama Koku alisema watafikiri, labda msimu mwingine.

Tulikuwa tumekaa stendi ya Muleba kusubiri gari la Bukoba ndipo Bi Zaituni alipofungua mdomo.

"Mbona hukutafuna?"

Nikamwambia ya mama yangu. Akafumba macho.

Akanisimulia kwamba Mama Koku alipojulikana anatumia dawa, watu hawakuacha kuja kwake, kwa kuwa kumsusa jirani waziwazi ni aibu. Walikuja, wakanyooshewa kikapu, wakachukua kahawa, wakaitia mfukoni. "Nitatafuna njiani," wakasema. Hata wifi yake. Jioni Mama Koku akienda kuchota maji alizikuta punje zake zimetupwa kwenye njia, moja hapa, moja pale, katikati ya mibuni iliyozizaa.

"Leo hakuna asiyejua kwamba ugonjwa hauambukizwi na kahawa," Bi Zaituni akasema. "Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ile soda iliyofungwa na yale mayai na maganda yake, unadhani ni heshima? Alikuwa anakwambia: naona unaogopa, sikulazimishi kula mkononi mwangu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Aliponiona mwoga, yeye ndiye aliyehangaika nisisumbuke. Nilitaka turudi saa ile ile. Bi Zaituni akanishika mkono, akasema jua linazama, twende kesho. "Na usiende kutafuna kama mtu anayemeza dawa mbele ya daktari. Kwa maonyesho hayo wataona unaigiza. Sema ukweli wako."

Asubuhi tulirudi. Zile punje nilikuwa nimezifunga kwenye leso. Nilimwamkia Mama Koku, nikaifungua leso mbele ya wote, nikasema hizi nilimwekea mama yangu, aliyewahi kufundisha Bukoba na ambaye hajala kahawa hii kwa miaka. Nikasema sikujua kwamba kuitia mfukoni kuna maana nyingine, na kwamba nimelala vibaya kwa sababu hiyo.

Mama Koku alizitazama zile punje.

"Mama yako anatafuna?"

"Anatafuna, na maganda anatemea dirishani. Majirani walishalalamika."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Akaingia ndani, akatoka na kikapu, akakifungua.

"Mwanangu, mgeni hula yake kwanza," akasema. "Ya mama yake tunamfungia."

Nikatafuna. Ni chungu, tusidanganyane, na sura yangu ilisema hivyo kabla sijameza, wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa khanga. Baadaye sana harufu inakuja, na ukishaipata unataka nyingine. Nilichukua nyingine.

Siku hiyo tulifanya kazi. Nilikuwa nimechora mkanda unaopita juu ya kifuniko, wakaukataa wote kwa pamoja: kikapu cha kahawa lazima kifunguke wazi mbele ya mtu. Tukauhamishia ubavuni, na kusema kweli ukapendeza zaidi. Ilipofika saa ya kula nilisimama nikitafuta meza yangu ya jana. Mama Koku akasogeza goti, akagonga mkeka kwa kiganja. Nikaketi hapo, nikala ndizi kwenye jani moja nao, na kusema kweli sikumbuki chakula kingine nilichokipenda hivyo. Tulipokuwa tunanawa akasema, kana kwamba ni jambo dogo, "Tutasuka."

Niliondoka Bukoba na vikapu vya kwanza, na kahawa ya mama imefungwa kwa jani kavu la mgomba. Mama aliifungulia mlangoni nilipofika, akatafuna huku nimesimama na mizigo, ndipo akaniuliza habari za safari.

Kwenye maonyesho, Dar es Salaam, niliweka kikapu kimoja mezani kimejaa kahawa, nikawa nawanyooshea wateja. Dada mmoja aliupenda mkoba, akauliza nani kasuka. Nikamwambia kinamama wa Muleba, na kwamba mapato ni ya nauli zao za kliniki na chakula cha wenzao wanaoanza dawa za UKIMWI. Akatikisa kichwa kwa huruma, akachota punje tatu, akazitia kwenye pochi.

Sikujua kama anaogopa au ana mama nyumbani kama mimi. Ndipo nilipojua ilivyo kukaa upande wa Mama Koku: umenyoosha kikapu, na hujui. Mkono wangu ulikuwa umekwisha gusa kifuniko.

Nikakiacha wazi.

"Dada," nikamwambia, "ya nyumbani nitakufungia. Hiyo ni yako."

Akanitazama, kisha akaifungua tena pochi, akatoa punje moja.